Shule za Katoro na Mizani ya Dhahabu

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa msikitini Katoro, mkoani Geita, mbele ya wazazi na walezi waliobaki baada ya Swala ya Ijumaa. Tumeyachapisha kwa ajili ya misikiti ambayo haikupata wawakilishi siku ile.)

  



Tumeombwa tuzungumze juu ya elimu, na bila shaka wengi wenu mlitarajia tuzungumze juu ya madrasa. Tutaigusa, lakini siyo iliyotuleta. Leo tumekusudia kuzizungumzia shule za serikali za hapa Katoro na za wilaya ya Geita kwa jumla: zinaendeshwa kwa fedha gani, fedha hizo zinatoka wapi na zinaishia wapi, na ni kwa nini mtoto anaweza kukaa darasani miaka 7 akatoka ilhali hawezi kumsomea mama yake barua. Tumelichagua jambo hili kwa sababu moja iliyo wazi. Watoto wa waumini wa misikiti yetu, walio wengi mno, hawamo katika shule za Kiislamu wala katika shule za binafsi. Wamo katika shule ya serikali iliyo jirani, wanabanana dawati moja na watoto wa majirani zetu Wakristo na wa wengine wasiokuwa na dini yetu wala ya hao. Anayesema kwamba shule ile si jambo la msikiti, basi na atuambie mtoto wake anashinda wapi tangu Jumatatu hadi Ijumaa.

Upande wa dini hatuna haja ya kurefusha. Kila aliyehudhuria darasa hata moja anajua kwamba amri ya kwanza kuteremshwa ilikuwa ni ya kusoma. Wapokezi wa Sira wametusimulia pia kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, wale mateka wa Makka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa walipewa nafasi ya kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mateka watoto 10. Tulizingatie hilo. Walimu wale hawakuwa Waislamu; walikuwa maadui waliokamatwa na panga mikononi. Dola changa, iliyokuwa na dhiki ya kila kitu, iliacha fidia ya dirham ikapokea fidia ya herufi. Na itazameni hesabu yenyewe: mwalimu mmoja, watoto 10.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kwetu. Kiwango kilichowekwa na serikali yetu kwa shule za msingi ni watoto 45 katika chumba kimoja na mwalimu 1 kwa watoto 45. Hatutataja hapa idadi ya shule hii au ile, kwa kuwa hesabu hiyo ipo katika ofisi ya mwalimu mkuu na kila mzazi ana haki ya kwenda kuiuliza. Ninyi wenyewe mmepita madirishani mkaona. Tuchukue mfano tu wa darasa la watoto 150, ambalo hakuna mzazi wa Katoro atakayesema ni mfano wa ajabu. Kipindi ni dakika 40, yaani sekunde 2,400. Mwalimu asipofundisha kitu chochote, akapita tu kutazama daftari la kila mtoto, kila mtoto atapata sekunde 16. Katika sekunde 16 mwalimu hawezi kujua kama mtoto anasoma herufi zilizoko mbele yake au anaimba tu alichosikia kwa mwenzake. Hapo ndipo linapotoka lile jambo tunalolilalamikia, la mtoto aliyefika darasa la 5 akiwa amejificha nyuma ya sauti za wenziwe.

Na jambo hili halikuanza kwetu wala si letu peke yetu. Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba nchini, waligundua kwamba mmoja katika kila watoto 5 waliomaliza shule ya msingi hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la 2. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, takriban watahiniwa 6 katika kila 10 walipata sifuri, nchi nzima ikashituka, tume ikaundwa na matokeo yakapangwa upya mwaka 2013. Kupangwa upya kwa matokeo, tuseme kweli, hakukumfundisha mtoto yeyote kusoma. Lililosaidia zaidi ni uamuzi uliofuata, wa kuwarudisha watoto wa madarasa ya kwanza kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kabla ya kuwarundikia masomo mengine.

Hata hivyo Katoro ina shida yake ya ziada, na shida hiyo ina jina: dhahabu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,739,530 katika mkoa wa Geita, uliokuwa umeanzishwa mwaka huo huo. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 2,977,608. Yaani katika miaka 10 mkoa umeongezeka kwa watu 71 katika kila 100, wakati nchi nzima iliongezeka kwa takriban 37. Na katika mkoa huo Katoro ni miongoni mwa sehemu zinazofurika zaidi, hata mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya 8 katika nchi, Katoro ikawa mojawapo. Habari ya rashi mpya ikisikika upande wa Rwamgasa au Nyarugusu, baada ya wiki moja nyumba za kupanga zimejaa, na kila familia inayofika huja na watoto. Anayekuja na karasha huja na mafundi wake. Anayekuja kuuza chakula kwenye mwalo huja na wanawe, na baadhi yao wamekwisha kuacha shule mbili nyuma yao.

Tuelewane vizuri hapa, kwa maana ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Fedha ya serikali huifuata idadi ya wanafunzi iliyoandikwa kwenye takwimu. Mtoto aliyefika baada ya takwimu kuchukuliwa anakalia dawati, anatumia chaki, anaingia chooni, wala fedha yake haipo. Na rashi ikihama, familia inahama, na jina linabaki katika daftari la shule ambayo mtoto hayupo tena. Mji wa watu wanaohama unaendeshwa kwa kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kijiji cha watu waliotulia. Kuna na lingine dogo, lakini linafaa kutajwa: ukivuka tu hapo Buseresere umetoka wilaya ya Geita umeingia Chato. Yupo mzazi anayelala upande mmoja, ana fremu ya duka upande wa pili, na mtoto wake anasoma kunakomfaa. Ushuru wake unaingia halmashauri moja na mtoto wake anahesabiwa katika nyingine. Hatusemi kuna aliyefanya kosa. Tunasema mpaka huo watu hawauoni, bali vitabu vya hesabu vinauona.

Fedha yenyewe ni kiasi gani?

Wazee mliopo mnakumbuka Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mwaka 1977 wa elimu ya msingi kwa wote. Wananchi walifyatua matofali, wakajenga, vijana waliomaliza darasa la 7 wakafunzwa haraka haraka wakawa walimu. Watoto waliingia shule kwa wingi ambao nchi haikuwa imewahi kuuona. Kisha uchumi ukaanguka, na katika miaka ya 1980 na 1990 ada na michango ikarudi, watoto wakatoka. Mwaka 2001 serikali ikatangaza tena kuondoa ada katika shule za msingi, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM. Katika mpango huo ndipo ilipowekwa ruzuku ya kila mwanafunzi: dola 10 kwa mwaka, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilikuwa takriban shilingi 10,000.

Mwishoni mwa mwaka 2015 ulitolewa Waraka wa Elimu Namba 5, na tangu Januari 2016 elimu ikawa bila malipo hadi kidato cha nne. Kidato cha tano na cha sita vikafuata mwaka 2022. Ruzuku ya shule ya msingi ilianza na kiwango kile kile cha shilingi 10,000, miaka 14 baada ya kuwekwa. Katika hizo, 4,000 zilibakizwa kwa ajili ya kununulia vitabu kwa pamoja, na 6,000 zikapelekwa moja kwa moja katika akaunti ya shule. Tukumbuke kwamba zile shilingi 10,000 zilizokuwa sawa na dola 10 mwaka 2002, kwa bei ya miaka hii ya karibuni hazifiki hata dola 5. Idadi ya noti imebaki ile ile, na bei ya chaki, ya bati na ya karatasi za mitihani imekwenda zake.

Shilingi 6,000 kwa mwaka. Shule ya watoto 1,000 inapata shilingi milioni 6, yaani laki 5 kwa mwezi. Hapo mwalimu mkuu anunue chaki, achapishe mitihani, atengeneze bawaba za milango na mashimo ya sakafu. Mishahara ya walimu na majengo makubwa hulipiwa kwa mafungu mengine, na ni haki tuseme hivyo. Wala tusidhulumu katika kusema: mwaka 2021 yalijengwa nchini madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, 12,000 kati yake ya sekondari, na baada ya hapo imekuja miradi ya BOOST na SEQUIP kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Majengo hayo yapo na mmeyaona. Lakini mkono unaojenga darasa moja wakati mji unaleta watoto wa madarasa matatu, huo utabaki nyuma daima, hata ukiwa mkono mwaminifu kuliko yote.

Sasa tuichukue mizani. Mnunuzi wa dhahabu hapa mjini hapimi kwa macho. Ana mizani inayosoma hadi pointi, na muuzaji amesimama juu yake hapepesi jicho, kwa kuwa pointi moja ni chakula cha nyumba. Sote tunaijua Suratul Mutaffifiin na maonyo yake kwa wenye kupunja vipimo, na kwa sababu hiyo mji huu unajua vizuri maana ya kupima. Basi tujiulize: ni nani kati yetu aliyewahi kuisimamia mizani ya shule kwa jicho lile lile?

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliipa halmashauri tozo ya huduma ya 0.3 kwa mia ya mauzo ya biashara. Mchimbaji mdogo anayeuza dhahabu yake katika soko la madini hukatwa tozo hiyo. Kwa kiwango hicho, dhahabu ikiuzwa kwa shilingi milioni 2, tozo ni shilingi 6,000. Ni ile ile 6,000 ya mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Kwa hiyo, kwa kiwango hicho, kila mara duara linapotoa mzigo wa milioni 2 na mzigo huo ukapita sokoni kihalali, halmashauri imepata kiasi kilicho sawa na ruzuku ya mtoto mmoja. Na kila mara mzigo huo unapopita uchochoroni usiku, wapo watakaosema tumeikwepa serikali. Sisi tunasema kuna dawati limekwepwa. Wachimbaji na wanunuzi mliomo humu mtusamehe kwa ukali, lakini hatuwezi kudai haki ya watoto kwa mdomo na kuipitisha haki hiyo hiyo mlango wa nyuma kwa mkono.

Na wakubwa nao wana mizani yao. Mgodi mkubwa wa Geita ulizinduliwa mwaka 2000. Kwa miaka mingi ulilipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka kwa mujibu wa mkataba wake na serikali, badala ya ile 0.3 kwa mia ya mauzo. Ilifika kati ya muongo wa 2010 ndipo malipo yakaanza kufuata asilimia ya sheria. Mwaka 2017 Sheria ya Madini ikarekebishwa, ikautaka kila mgodi uandae mpango wa huduma kwa jamii na kuukubaliana na halmashauri, na mwaka 2018 yakafikiwa makubaliano ya shilingi bilioni 9.2 kwa mwaka kwa halmashauri mbili za Geita, ya Mji na ya Wilaya. Ongezeko hilo halikuletwa na huruma. Wapo watu, madiwani, wabunge na wananchi wa kawaida, walioshika mkataba mkononi wakauliza kwa miaka mingi mpaka wakajibiwa. Somo hilo sisi wa misikitini hatujalichukua. Tunajua sana kulalamika barazani, na kikao cha bajeti ya halmashauri tunamwachia diwani peke yake.

Neno "bure" limetudhuru

Elimu bila malipo ni neema, na hatutaki kusikia katika msikiti huu mtu akiibeza. Wapo watoto, hususan mabinti na mayatima, walioingia shule Januari 2016 ambao vinginevyo wangebaki nyumbani. Lakini baadhi yetu tulisikia neno "bure" tukafahamu "si yetu". Mwezi Januari 2018 Rais Magufuli, Mungu amrehemu, alipopiga marufuku michango mashuleni kwa sababu watoto walikuwa wakifukuzwa kwa kukosa mia tano, nia ilikuwa kumlinda mtoto wa maskini. Wengi wetu tulilichukua agizo lile tukalifanya kuwa ruhusa ya kutofika shuleni kabisa. Mkutano wa wazazi ukiitishwa wanakuja akina mama 20 na mzee mmoja. Uji wa mchana tunauona ni wa serikali. Ilhali hata waraka uliofuata mwaka 2016 ulifafanua kwamba sare, madaftari na chakula cha mtoto ni wajibu wa mzazi, na mchango wa hiari haukukatazwa, ila uombewe kibali, usikusanywe na mwalimu, wala asirudishwe nyumbani mtoto ambaye mzazi wake hakutoa.

Wapo wanaosema dawa ni Waislamu tujenge shule zetu. Hatulipingi hilo, harakati yetu imelihimiza tangu ilipoanza, na penye uwezo pajengwe. Lakini tuwe wakweli wa hesabu. Shule ya binafsi haiendeshwi bila ada, na ada hiyo mama muuza dagaa wa sokoni hawezi kuilipia watoto 5. Tukijenga shule moja nzuri ya watoto 300, tutakuwa tumewatoa watoto 300 pamoja na wazazi wao 300 wenye uwezo na sauti, na shule ya serikali itabaki na maelfu ya watoto wetu bila ya mtu wa kuwasemea. Huo hatuuoni kuwa ni uokozi.

Basi ni yapi yaliyo mikononi mwetu? La kwanza ni daftari. Fedha ikiingia katika akaunti ya shule, taratibu zinataka mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo kila mzazi anaweza kuyasoma. Mzazi aende ayasome, na asiyejua kusoma afuatane na mwanawe. Ikiwa ubao uko wazi, aulize kwa adabu, bila ya kumtuhumu mwalimu mkuu, ambaye aghalabu ndiye mtu mwenye dhiki kuliko wote katika habari hii. Kamati ya shule ina nafasi za wazazi na huchaguliwa na wazazi. Tumezoea kuzijaza kwa watu ambao hawakuwapo siku ya uchaguzi wakachaguliwa kwa sababu hawakuwapo. Msikiti wenye mahodari wa hesabu, na Katoro inao wengi kwa jinsi inavyofanya biashara, hauna udhuru wa kutotoa mjumbe mmoja kwa kila shule iliyo jirani. Mjumbe huyo hatakuwa mwakilishi wa Waislamu. Atakuwa mjumbe wa wazazi, na mtoto wa Mkristo atamhesabia sawa na wa kwake.

La pili linatugusa zaidi, na kwa hilo tunaomba mtuvumilie. Shule ikizidiwa, watoto hupokezana vyumba, hawa asubuhi, wale mchana. Nusu ya siku iliyobaki mtoto yuko wapi? Sote tunajua. Yuko mwaloni anachota maji, anaponda mawe, anaosha marudio, na wengine wanashika zebaki kwa vidole na kusimama jirani na moto unaoichoma. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya Chunya, Geita na Kahama, dunia ikasoma. Zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto, pamoja na mimba iliyo tumboni, ndio wanaodhurika zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za namna hiyo. Tunaambiwa mtoto anasaidia nyumbani, anarudi na elfu 2. Tunajibu: elfu 2 hizo zinapimwa kwa mizani gani, ikiwa upande wa pili umewekwa ubongo wake?

Hapo ndipo madrasa inapoingia. Tunazo baraza za misikiti ambazo tangu saa 2 asubuhi hadi Adhuhuri huwa tupu. Ustadhi wa madrasa akipanga vipindi viwili, cha asubuhi kwa watoto wa zamu ya mchana na cha mchana kwa wa zamu ya asubuhi, mtoto atapata Qur'ani yake, na nusu saa ya kusoma Kiswahili na kuhesabu juu yake. Darasani ana sekunde 16. Hapa anaweza kupata dakika 5 za mtu mzima anayemsikiliza akisoma. Mtoto wa jirani asiyekuwa Muislamu akija kwa ile nusu saa ya kusoma na kuhesabu, na akae. Wale wa Badr walifundisha watoto wasiokuwa wa dini yao.

La tatu ni wakfu. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi ya Khaybar akamwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, alielekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Katoro haina bustani za mitende, lakini ina fremu. Mfanyabiashara mmoja, au 10 kwa kushirikiana, wakiweka wakfu fremu moja barabarani, kodi yake ya kila mwezi inaweza kumlipa posho mwalimu wa kujitolea katika shule ya serikali, kwa idhini ya kamati ya shule na ya mkurugenzi. Tunao vijana waliohitimu vyuo vya ualimu wanasubiri ajira, wanaendesha bodaboda. Sadaka ya siku moja huliwa ikaisha, bali kodi ya fremu hurudi kila mwezi.

Na tunalo jambo la tarehe. Kwa mtaala mpya ulioanza mwaka 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima inakuwa miaka 10 hadi kidato cha nne. Watoto walioanza mtaala huo wakiwa darasa la 3 watamaliza darasa la 6 mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wa mwisho wa utaratibu wa zamani watamaliza darasa la 7. Makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja, Januari 2028. Shule za sekondari za Katoro, ambazo kundi moja tu linazijaza, zitapokea mawili. Serikali inalijua hilo na imesema inajiandaa. Lakini madarasa hayo, vyoo vyake na walimu wake hupangwa katika bajeti za halmashauri zinazotangulia, na bajeti huanzia kwenye mkutano wa mtaa na wa kijiji. Jimbo jipya nalo lina Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Mwenye mtoto aliyemo katika mojawapo ya makundi hayo mawili humu ndani ajue kwamba ni mtoto wake huyo tunayemzungumzia, asidhani ni wa mtu mwingine.

Kwa hiyo tumewaomba maimamu wa misikiti iliyowakilishwa hapa mambo mawili tu kwa sasa. Kila msikiti uandike majina ya watoto wake waliomo katika makundi hayo mawili, pamoja na wale waliofika karibuni ambao hawajaandikishwa popote, na orodha ziletwe Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao ili zipelekwe kwa watendaji wa kata. Na kila msikiti utaje mtu wake mmoja atakayehudhuria mkutano wa wazazi wa shule iliyo karibu nao. Walimu waliomo katika jamaa yetu watabaki hapa baada ya Isha, leo na kesho, kwa ajili ya wazazi wanaotaka kufundishwa namna ya kuisoma taarifa ya mapato na matumizi ya shule. Akina mama wamewekewa nafasi yao upande wa mashariki. Mje na kalamu.

Wabillahi tawfiq.